Pointi Saba za Kunyata

Jumamosi, alasiri. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi na mvua haijaamua. Sina huzuni wala furaha. Nimekauka tu, kama nguo iliyosahaulika kambani.

Nina pointi saba ambazo sijazitumia.

Kwa mnaosoma blogu hii msiocheza michezo ya kompyuta itabidi nieleze, maana bila hilo yaliyotokea nyumbani wiki hii hayataeleweka. Ninacheza mchezo mmoja wa nchi ya kubuni, yenye wafalme na majoka, ambamo unatengeneza mtu wako na kumkuza. Wangu ni mwizi, mwanamke mfupi mwenye kofia ya kijivu. Nimempa jina Zaina. Kila akifanikisha jambo kubwa anapanda levo, yaani ngazi, na kila levo inakupa pointi chache za kumwongezea ujuzi. Mwizi ana ujuzi wa aina tano: kunyata, kujificha gizani, kufungua kufuli, kuchomoa vitu mifukoni na kutegua mitego. Pointi ukishaiweka mahali haitoki tena. Wachezaji wengi huzigawa harakaharaka wakaendelea na safari. Mimi hukaa nazo siku kadhaa.

Nilisoma hisabati chuoni na huu ni mwaka wa pili nasubiri ajira ya ualimu, kwa hiyo muda ninao na daftari ninalo. Kunyata kwa Zaina kumefika sitini na nane kati ya mia, yaani hiyo ndiyo nafasi yake ya kumpita mtu mmoja bila kuonekana. Hadi themanini kila pointi inaongeza nne, kuanzia hapo inaongeza mbili tu. Nikiziweka zote saba hapo, atafika themanini na nane. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu: nyumba yenye watu watano, kwa sitini na nane, Zaina atawapita wote bila kuonekana kama mara moja katika kila mara saba. Kwa themanini na nane, atawapita zaidi ya nusu ya mara zote. Nilipoliona hilo nilifunga daftari nikatabasamu peke yangu. Mambo kama hayo ndiyo hunifurahisha. Sijui yanasema nini juu yangu.

Lakini mwanzoni nilikuwa nakamatwa sana, na kosa halikuwa la hesabu. Lilikuwa la adabu.

Kuna nyumba ya msaga nafaka ambamo Zaina anatakiwa kuiba ufunguo. Mlangoni, karibu na moto, anakaa bibi kizee, mama yake msaga nafaka. Mara ya kwanza niliingia vizuri, nikanyata vizuri, nikafika kwa yule mama nikambofya nizungumze naye. Katika mchezo ule ukizungumza na mtu, amekwishakuona. Alama ya jicho iliyo juu ya kioo inafunguka wazi, walinzi wanakuja. Zaina akalala gerezani. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nilijiangalia nikifanya, na bado nilifanya. Sikuwa nafikiri. Mkono ulitangulia, kama mdomo unavyotangulia njiani ukimwona mtu mzima. Huwezi kumpita bibi kizee amekaa, ukaenda zako ndani kwake. Mwizi gani anatoa shikamoo?

Ilinichukua karibu wiki mbili kuufundisha mkono wangu utulie. Hatimaye nikaweza. Nilimpita yule mama karibu kabisa na magoti yake na jicho halikufunguka.

Sasa nije kwenye kinachonileta hapa.

Ninaishi na Bibi, mama yake mama yangu, huku Magomeni, si ile ya jijini, hii ya chini ya milima. Watoto wake wengine wametawanyika, na mama yangu yuko Kidete na shamba lake. Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, sura haoni. Tangu macho yapungue ameweka sheria moja: anayeingia aseme. Hodi mlangoni, salamu ukifika, na jina kama wewe si wa nyumba hii. Hana sheria nyingine. Mimi ananiita mke mwenza, kwa utani wa tangu babu akiwa hai, babu aliponiita mke wake mdogo na Bibi akajifanya ana wivu. Nikichelewa sokoni husema, “Mke mwenza, ulikuwa unamtafuta mume mwingine? Huyu mmoja tulimzika wote.”

Ila kumsalimia Bibi si neno moja. Shikamoo, marahaba, halafu umetoka wapi, umekutana na nani, mama yake hajambo, na yule binti yao aliolewa au bado. Ni nusu saa. Ukikaa unapewa ungo.

Jumanne umeme ulikatika tangu asubuhi. Nilipeleka kompyuta kuchajiwa kwenye duka moja karibu na stesheni lenye sola. Nikarudi saa nane nayo imejaa, chaji ya kucheza kwa saa tatu, ingawa betri yake chakavu huisha hata ikiwa imezimwa. Bibi alikuwa uani kwenye kigoda chake, anachambua mbaazi, amenipa mgongo. Nilipiga hesabu: nusu saa ya salamu, saa nyingine ya mbaazi, halafu chakula. Nisingebakiwa na kitu.

Nilivua kandambili nikazishika mkononi.

Hilo ndilo linalonihukumu. Mdomo unaweza kusahau, lakini kandambili haziji mkononi zenyewe.

Nilipita nyuma yake hatua tatu, nne. Akainua kichwa. “Nani?”

Nikasimama.

Katika mchezo, jicho likifunguka nusu, hukimbii wala hurudi nyuma. Unasimama ulipo, na baada ya muda linafumba. Nilisimama penye kamba ya nguo, sipumui, nikingoja jicho la Bibi lifumbe.

“Nani huyo? Si usalimie?”

Nikaendelea kusimama. Akaweka ungo chini. Akauliza mara ya tatu, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akainuka akitafuta ukuta kwa mkono. Mguu ukanasa kwenye kigoda. Aliangukia mkono wa kulia na mbaazi zikamwagika uani kote.

Sikumkimbilia.

Nilirudi nje ya mlango wa uani, nikavaa kandambili, nikaingia upya. Nikasema, “Hodi! Shikamoo Bibi. Jamani Bibi, umefanyaje?” Haikuzidi sekunde kumi. Aliniitikia marahaba akiwa chini.

Mkono haukuvunjika, umeteguka kifundo. Zahanati walimfunga bendeji na kumpa vidonge. Tulirudi kabla ya magharibi, nikamlaza, umeme ukawa umerudi. Nikafungua kompyuta. Naandika hili kwa sababu nimeahidi kutojipamba hapa: jioni ile ile niliimaliza nyumba ya msaga nafaka. Ufunguo nikaupata. Zaina akapanda levo, na ndipo nilipopewa pointi hizi saba.

Kesho yake Bibi alianza kusimulia. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa: kuna mtu alipita nyuma yangu, nilimsikia, nikamuuliza mara tatu, hakuniitikia. Akiambiwa huenda ni mjukuu wako, alikataa kwa ukali. “Mke mwenza alikuja baadaye, akapiga hodi. Huyu aliyepita hakusalimia.”

Wageni walitazamana juu ya kichwa chake. Nilikuwa nagawa chai, niliwaona. Mama Rehema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alinivuta jikoni akaninong'oneza, “Uzee huanza hivi hivi. Mama mkwe wangu alianza kwa kusikia kuku.”

“Kuku?”

“Kuku. Na hatukuwa na kuku.”

Kufikia Alhamisi habari zilikuwa zimefika Mikumi, kwa Mjomba Saidi. Yeye ndiye kaka mkubwa wa mama yangu na ndiye mwenye kauli kwetu. Ana kibanda cha kuziba matairi ya malori kando ya barabara kuu. Alipiga simu akasema Bibi hawezi tena kuachwa na msichana mmoja, mtu akianza kuona watu lazima awe karibu na wanawe. Angekuja Jumamosi kumchukua. Na kabla ya hapo nyumba isomewe dua.

Mwalimu wa madrasa alikuja na wanafunzi wanne. Walisoma vizuri sana. Nilikaa karibu na mlango nimejifunika mtandio, nikisikiliza wakimwomba Mungu akiondoe kilichoingia nyumba hii bila kuonekana. Niliitikia amina.

Nisiseme kwamba nilikuwa nateseka muda wote. Kuna saa nilipiga hesabu nyingine, ya nyumba hii bila Bibi: vyumba viwili, umeme, ukimya, hakuna anayeniuliza natoka wapi. Hesabu ilitoka vizuri. Niliiacha tu pale kichwani, sikuifuta.

Na Bibi hataki Mikumi. Alishakaa kule mwezi mmoja. Anasema malori yanapita ndani ya kichwa chake na hajui nani anaingia na nani anatoka. Hapa anaijua nyumba kwa vidole. Anajua idadi ya hatua hadi chooni. Kule ni kipofu, hapa ni mwenye nyumba.

Kilichonivunja ni jana. Tangu Jumatano alikuwa ameacha kukaa uani. Alikaa kitandani, mgongo ukutani, mahali ambapo hakuna anayeweza kupita nyuma yake. Nilimpelekea uji. Akashika bakuli, hakunywa.

“Mke mwenza.”

“Abee Bibi.”

“Mtu akianza kuchanganyikiwa, mwenyewe huwa anajua?”

Nilimwambia anywe uji, unapoa. Hilo ndilo jibu nililompa.

Usiku sikucheza. Zile pointi saba zilikaa. Nilijaribu kutunga namna ya kusema, na kila namna niliyotunga ilikuwa na mlango wa nyuma: nilikuwa sijakuona, nilidhani umelala, nilikuwa na simu sikioni. Mimi ni hodari wa milango ya nyuma.

Mjomba alifika leo saa nne na Noah ya kukodi. Nikampa shikamoo, akaitikia akielekea chumbani. Dereva akabaki barazani na soda. Mama Rehema alikuwa amekwishakuja kusaidia kufunga mizigo, na nadhani pia kuangalia.

“Mama, twende tu,” Mjomba akasema. “Mikumi kuna hewa.”

“Hewa ya malori.”

“Kule utakuwa na watu, Mama.”

“Na hapa watu wapo, mpaka wa ziada. Si mnasema nawaona?”

Mama Rehema akacheka, kisha akakumbuka hatakiwi kucheka. Mjomba hakucheka. Alikunja godoro, akalifunga kamba, akalibeba hadi sebuleni. Bibi alikuwa amekwishatolewa chumbani, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkono wenye bendeji mapajani, hatetei kitu tena. Utani ule ulikuwa wa mwisho aliokuwa nao. Nilimwona anashika fremu ya mlango kwa mkono mzima, anaipapasa kutoka juu kwenda chini, polepole, mtu anayeagana na ubao.

Nikasema, “Mjomba, aliyepita ni mimi.”

Hakunielewa. “Ulipita wapi?”

“Jumanne. Nyuma ya Bibi. Hakuwa jini, na Bibi hajachanganyikiwa. Ni mimi.”

“Si ulimkuta kaanguka?”

“Nilitoka nikaingia tena.”

Mjomba akakaa juu ya godoro lililofungwa. Ni mtu mnene, kamba ikalia. “Yeye anauliza ‘nani’, wewe umesimama hapo?”

“Ndiyo.”

“Mara tatu?”

“Mara tatu.”

“Kwa nini?”

Nilikuwa na jibu refu lenye alama ya jicho na asilimia. Dereva alikuwa ameacha kunywa soda. Nikasema, “Sikutaka kusalimia.”

Sijui kwingine sentensi hiyo ina uzito gani. Sebuleni kwetu ilikuwa kama nimesema nimechoma nyumba. Mama Rehema alijishika mdomo. Mjomba alirudia taratibu, “Hukutaka kumsalimia mama yangu,” na alipoanza kuinuka nilijua nitapigwa, na sikusogea.

“Ngoja,” Bibi akasema. “Ulipita upande gani?”

“Kushoto kwako, karibu na pipa la maji.”

“Ukasimama wapi?”

“Penye kamba ya nguo.”

“Umevaa viatu?”

“Nilivishika mkononi.”

Aliitikia kwa kichwa kila jibu, kama anasahihisha mtihani ambao majibu anayo.

“Zile hatua nilizijua,” akasema. “Nilisema moyoni, hizi ni za mke mwenza. Nikajikatalia mwenyewe. Nikasema angekuwa yeye angesalimia. Nikaona bora masikio yangu yawe yameharibika.” Akageuza uso kwa mwanawe. “Saidi, godoro langu lirudishe.”

Mjomba alisema mengi baada ya hapo, na yote ni ya kweli, siyarudii. Alitaka basi niondoke mimi, nirudi Kidete kwa mama yangu. Bibi alimjibu kwa Kisagara, lugha ya kwao, maneno machache, na Mjomba akaanza kufungua kamba ya godoro. Saa sita akaondoka na mkungu wa ndizi na hasira zake zote. Alipopita mbele yangu nilitamka shikamoo ya kumuaga. Hakuitikia. Sikumbuki kama kuna mtu mzima aliwahi kuninyima marahaba. Sauti yangu ilibaki hewani, nikawa sijui niiweke wapi.

Nilitarajia kujisikia mwepesi. Watu huandika hivyo, kwamba ukweli unakupunguzia mzigo. Mimi nilijisikia nimeonekana. Ni kitu kingine kabisa.

Kuhusu zile pointi, nimeacha kuandika kwa dakika chache nikazimaliza. Nimeziweka zote saba kwenye kunyata. Huenda mtu angependa kusikia kwamba nimeziweka kwingine, au nimeufuta mchezo. Sijaufuta. Zaina ni mwizi, mwizi hukuzwa kwa kunyata, na hesabu ilikuwa sahihi tangu Jumanne. Zaina hakuvua kandambili zangu. Kazi aliyofundishwa anaifanya kule kule, kwa watu ambao mchezo ukifungwa hawamwogopi mtu. Mimi ndiye niliyeutoa ujuzi huo ndani ya kioo na kuujaribu kwa mtu anayenijua kwa hatua zangu.

Lakini Bibi hajamaliza.

Tulipokuwa tunakula mchana, aliuliza ni nyumba ngapi zimesema ana kichaa. Nikasema sijui. Akasema anajua yeye: nne, ukimhesabu mwalimu wa madrasa. Mama Rehema amejisikilizia mwenyewe, kwa hiyo zimebaki tatu.

“Utaenda kuwaambia.”

“Mama Rehema atawaambia, Bibi. Saa hizi ameshawaambia.”

“Mama Rehema atasimulia. Wewe utasema.”

Nikamwambia sawa, nitaenda kesho saa tatu, baada ya kufagia.

“Tutaenda,” akasema. “Utanishika mkono huu usiouma. Nataka niwepo ukisema. Nataka nisikie wanavyonyamaza.”

Sijamwona akitoka kwenda kwa watu tangu Ramadhani. Njia ya kwa mwalimu ina mtaro na mawe, itatuchukua karibu nusu saa kila upande, na yote hiyo nitakuwa nimemshika, na yeye atakuwa anaongea au ataamua kutoongea. Sijui lipi naliogopa zaidi. Nimejaribu kuandika hapa sentensi nitakayoanza nayo na nimeifuta mara tano. Kila ninayoiandika inakuja na sababu, na Bibi hakuniagiza sababu.

Sasa hivi ameniita chumbani. Sanduku lake amelifungua upya, lile lililokuwa liende Mikumi, na ametandika khanga kitandani. Anachagua ya kesho. Ameinua moja karibu na uso wake, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Hii si ile nyekundu?”

Ni ya bluu, na imechanika pindo.

“Hapana, Bibi,” nimemwambia. “Hiyo ni ya bluu, imechanika. Nyekundu iko chini.”

Akaiweka pembeni, akanyoosha mkono, akangoja nimpe.